Safari ya baharini kutoka Dodoma: namna ya kuhamasisha losheni ya jua isiyodhuru matumbawe

Likizo ikikaribia, hasa Pasaka, Idi na Desemba, maswali ni yale yale. Yanatoka kwa walimu wa klabu za mazingira, viongozi wa vijana makanisani na misikitini, na kamati za safari za maofisini hapa Dodoma: tunapeleka watu baharini, tumesikia kuna mafuta ya jua yanayoumiza matumbawe, tununue yapi? Na wale tutakaowakuta ufukweni tuwaambieje bila kuonekana wajuaji? Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 wanaouliza wameongezeka, maana sasa mtu anaondoka alfajiri na mchana yuko majini. Nimeona niyaweke majibu pamoja.

Kubwa la kushika ni hili: kazi hii inafanyika Dodoma kabla haijafanyika baharini. Mtu akishafika ufukweni na chupa yake, hela ameshatoa, watoto wanamvuta mkono, muda wa kumshawishi umepita. Lakini wiki mbili kabla, akiwa bado anapanga atanunua nini famasi au dukani Majengo, neno moja linatosha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kufanyia huku huku bara.

Kwa nini tunahangaika

Matumbawe ni wanyama, si mawe. Ndani ya miili yao unaishi mwani mdogo sana unaowalisha na kuwapa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi mwani huo hutoka, matumbawe yanapauka, na yakikaa hivyo muda mrefu yanakufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, joto la bahari lilipoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, Tanzania ikiwemo.

Sasa baadhi ya losheni za jua zina kemikali inayoitwa oxybenzone. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Science ulionyesha kwamba anemoni, ambao ni ndugu wa matumbawe, wanaibadilisha kemikali hiyo mwilini ikawa sumu inayoamshwa na mwanga wa jua. Waliopoteza mwani wao walikufa mapema zaidi. Hapo ndipo suala linapotugusa sisi: bahari yetu huwa na joto kali zaidi mwezi Machi na Aprili, na Pasaka huangukia hapo hapo. Watu wanajaa ufukweni wakati matumbawe yameshachoka.

Niwe mkweli kwako ili nawe uwe mkweli kwa watu. Losheni si adui mkubwa wa matumbawe. Joto la bahari, uvuvi wa baruti na majitaka vinaua zaidi. Losheni ina madhara pale watu wengi wanapoogelea kwenye maji machache yaliyo karibu na matumbawe. Ila kati ya yote hayo, hili ndilo ambalo mtu wa Area C hapa Dodoma anaweza kulimaliza mwenyewe kabla ya kupanda treni.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Orodha ya wanaosafiri, na kando ya kila jina: ana ualbino? ana ugonjwa wa ngozi? anatumia dawa ya kupaka?
- Losheni ya jua yenye madini (nitaeleza hatua ya 1), yenye kiwango cha SPF (kipimo cha kinga ya jua) cha 30 au zaidi.
- Nguo za kuogelea za mikono mirefu, au jezi za mpira za mikono mirefu ambazo watu tayari wanazo.
- Kofia pana, kanga au vitenge, na turubai moja la kivuli.
- Karatasi ngumu mbili za bango, kalamu nene, na gundi ya karatasi.
- Chupa mbili tatu za losheni tupu, za aina tofauti, za kuonyeshea watu maandishi.
- Barua ya utambulisho kutoka shuleni, kanisani au ofisini.

Hatua kwa hatua

1. Jifunze kusoma mgongo wa chupa.

Upande wa mbele achana nao. Maneno ya kusifia kwamba bidhaa ni rafiki wa bahari, pamoja na picha ya samaki au kasa, kampuni yoyote inaweza kuyaandika. Geuza chupa. Maandishi ni madogo na mara nyingi yamekunjwa chini ya lebo ya bei, kwa hiyo ibandue pembe taratibu, au piga picha kwa simu kisha uikuze. Tafuta orodha ya viambato. Majina huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo yakariri kama yalivyo.

Ya kukwepa: Oxybenzone, ambayo kwenye chupa nyingi hujificha kwa jina la Benzophenone-3, Octinoxate, ambayo huandikwa pia Ethylhexyl Methoxycinnamate, Octocrylene, na 4-Methylbenzylidene Camphor.

Ya kuchukua: Zinc Oxide na Titanium Dioxide. Haya ni madini yanayokaa juu ya ngozi na kuzuia miale. Ukiona neno nano limeandikwa pembeni ya jina la madini, maana yake yamesagwa yakawa madogo mno. Chagua chupa isiyo na neno hilo.

Kosa linalorudiwa kila mara: mtu anaona Zinc Oxide kwenye orodha anafurahi, anaacha kusoma. Chupa nyingine zinachanganya Zinc Oxide na Octinoxate humo humo. Soma mpaka mwisho wa orodha.

Jambo jingine, na hapa naomba usiharakishe: angalia alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Losheni iliyopigwa jua dirishani miezi kadhaa, au iliyojitenga maji huku na mafuta kule, haikukingi hata kama viambato vyake ni vizuri. Na kama chupa inaahidi kung'arisha ngozi, iache hapo hapo. Unataka kinga ya jua, hutaki mkorogo.

2. Anza na nguo, losheni ije baadaye.

Fanya hesabu hii mbele ya kamati yako. Mtu mzima anayeacha mwili wazi anahitaji karibu mililita 30 za losheni ili apake mwili mzima sawasawa. Kikundi cha watu 40 ni mililita 1,200, zaidi ya lita moja, kwa kupaka mara moja tu. Na losheni inatakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili na kila mtu anapotoka majini. Zidisha mwenyewe uone gharama, na uone kiasi kinachoweza kuishia baharini.

Sasa mvishe mtu huyo jezi ya mikono mirefu na kaptula iliyopita magoti. Kilichobaki ni uso, shingo, masikio, viganja, miundi na nyayo kwa juu. Haifiki theluthi ya mwili. Umepunguza gharama, na umesaidia matumbawe kuliko chupa yoyote ya bei mbaya itakavyosaidia. Kama nina la kusisitiza katika mwongozo wote huu, ni hili la nguo.

Angalizo: fulana nyeupe nyepesi ya pamba ikilowa, jua linapenya. Kitambaa kizito kidogo, cha rangi iliyoiva, kilichofumwa karibu karibu, kinafaa zaidi. Jezi za poliesta zinakauka haraka na hazivutiki chini kwa uzito wa maji.

3. Nunua Dodoma, jaribu Dodoma.

Usisubiri kununua ukifika. Nunua mapema, kisha kila anayesafiri apake kidogo upande wa ndani wa mkono na akae nayo siku moja. Akiwashwa au akitoka vipele, bado kuna muda wa kubadilisha. Mji wetu uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na jua lake mnalijua, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujaribia.

Hapa ndipo malalamiko makubwa yanapotokea: losheni ya madini inaacha weupe, na kwenye ngozi nyeusi mtu anaonekana kama ametoka kusaga unga. Wengi huitupa siku hiyo hiyo na kurudi kwenye ile ya zamani. Dawa yake ni namna ya kupaka. Weka kidogo viganjani, sugua mpaka ipate joto, kisha gandamiza usoni sehemu kwa sehemu badala ya kuiburuza. Subiri kidogo, rudia tabaka la pili. Zipo pia zilizotiwa rangi ya udongo, ambazo kwenye orodha ya viambato utaona Iron Oxides. Hizo zinakaa vizuri zaidi kwenye ngozi zetu, na kwa mwenye madoa ya usoni zinasaidia kuyazuia yasikolee. Ukizipata, zipe kipaumbele.

4. Ongea na muuza duka.

Hatua hii watu huiruka. Nenda famasi au duka la vipodozi unalonunua siku zote, salimia, subiri wateja wapungue. Mwombe akuonyeshe losheni zote za jua alizonazo, mzigeuze pamoja migongo. Wauzaji wengi hawajawahi kuulizwa, na wakiulizwa na watu kadhaa ndani ya mwezi mmoja wataagiza. Mwachie karatasi ndogo yenye yale majina ya kukwepa na ya kuchukua. Usimwambie atoe bidhaa yake rafuni. Hana kosa, na duka ndilo linalomlishia watoto.

5. Omba ruhusa ya ufukwe kabla hujatengeneza bango.

Kuogelea ufukwe wa umma ni jambo moja, kuweka meza na kuzungumza na watu ni jingine. Kwa Coco Beach, anzia Manispaa ya Kinondoni na serikali ya mtaa. Kwa Mbudya na Bongoyo, hivyo ni visiwa vilivyo chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kuna kiingilio, na wahifadhi wake ndio wa kuongea nao. Boti za Mbudya huondokea Kunduchi, za Bongoyo huondokea Msasani. Ukienda Bagamoyo au Tanga, ulizia pia kikundi cha BMU cha eneo hilo, yaani wavuvi wenyewe wanaosimamia rasilimali za bahari. Ukianza na wao, nusu ya kazi imekwisha, maana wanajua matumbawe yako wapi na yapi yamekufa.

Kama huna muda wa kufuatilia ruhusa, acha meza. Kikundi chako kikivaa vizuri na kupaka vizuri, watu wataona na watauliza wenyewe.

6. Weka meza ndogo na uongee kidogo.

Kaa karibu na mahali watu wanapoingilia, penye kivuli, usizibe njia ya wauza mihogo na madafu. Bango liwe na maneno machache yanayosomeka kwa hatua kumi. Upande mmoja KWEPA na majina manne, upande wa pili CHUKUA na majina mawili. Chini yake: VAA NGUO, KAA KIVULINI SAA NNE HADI SAA KUMI. Zile chupa tupu zipange mbele, migongo ikitazama watu.

Mazungumzo yawe mafupi, na yaanze kwa salamu kamili. Kwa mfano:

– Shikamoo mama.
– Marahaba wanangu, hamjambo?
– Hatujambo mama. Tumetoka Dodoma na wanafunzi, tunajifunza kuhusu matumbawe. Una dakika moja tukuonyeshe kitu nyuma ya chupa yako?
– Haya, nionyesheni.
– Tusome pamoja hapa. Hili jina, Benzophenone-3, likiingia majini linawasumbua matumbawe. Chupa yako usiitupe, mama, tumia nyumbani na shambani. Ukija tena baharini chukua yenye Zinc Oxide, na watoto uwavalishe mikono mirefu.
– Kumbe! Ahsanteni.

Basi. Usiongeze hotuba. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko mtu mzima, kwa sababu watu hawahisi wanasemwa.

Mambo matatu usiyafanye mezani. Usimnyang'anye mtu chupa wala kumwomba aimwage. Ikimwagwa mchangani inafika baharini vile vile. Usimwambie mtu anavunja sheria. Hawaii imepiga marufuku uuzaji wa losheni zenye Oxybenzone na Octinoxate tangu Januari 1, 2021, Palau ilitangulia mwaka 2020, na Thailand ilizizuia kwenye hifadhi zake za bahari mwaka 2021, lakini hizo ni sheria za kwao. Na la tatu, zito kuliko yote: usimwambie kamwe mtu mwenye ualbino aache losheni anayotumia. Kwake ni kinga ya saratani ya ngozi, na saratani hiyo inaua. Aendelee na losheni aliyopewa kliniki, iwe na viambato gani. Mwongezee kofia, mikono mirefu na kivuli, basi.

7. Siku yenyewe: paka mapema, ingia taratibu.

Pakeni losheni dakika 15 hadi 20 kabla ya kuingia majini, ikiwezekana kabla ya kupanda boti, ili ishike ngozini. Anayepaka na kuruka majini hapo hapo anaisafirisha losheni moja kwa moja hadi baharini, na yeye mwenyewe habaki na kinga. Za kupuliza msitumie kabisa ufukweni, upepo unazitawanya mchangani na kwenye pua za watoto.

Chagua watu wawili wa kukumbusha muda. Kila baada ya saa mbili kikundi kizima kitoke, kikae kivulini, kinywe maji, kipake tena, kisubiri.

Maji yakipwa, hasa siku za bamvua yanaposhuka zaidi, matumbawe yanakuwa karibu na miguu. Kila mtu ajue kabla hajaingia: hatusimami juu yake, hatuyashiki, hatuchukui kipande. Mguu mmoja unavunja kilichoota kwa miaka mingi. Mtu akichoka, aelee chali au arudi kwenye mchanga. Na simbi na kaure zinazouzwa ufukweni tusizinunue, hata zikiwa nzuri namna gani kwa kupamba sebule.

8. Mkirudi.

Chupa tupu rudini nazo, msiziache kwenye mapipa yaliyojaa ufukweni. Zitafaa kwa meza ya safari ijayo. Zenye mabaki ya losheni ya aina ya kukwepa wape watu wanaofanya kazi juani huku bara, bodaboda, mafundi ujenzi, wakulima wa zabibu. Kinga yake kwa ngozi iko pale pale.

Mambo yakikwama

Nimezunguka Dodoma nzima sijapata losheni ya madini. Inatokea. Usiahirishe safari. Nenda na nguo ndefu, kofia na turubai, na panga muda wa majini uwe kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Losheni yoyote uliyonayo itumie usoni na shingoni tu, na mapema.

Watu wanasema ngozi nyeusi haihitaji losheni. Wana ukweli wa nusu. Weusi wetu unakinga sana, lakini haukingi kila kitu. Mtu anaungua, anabanduka mabegani, anapata madoa. Kwa wengi wetu nguo na kivuli vinatosha, na ukiwaambia hivyo watakuamini zaidi kuliko ukiwalazimisha kununua.

Losheni inatoka mara tu mtu anapoingia majini. Angalia kama chupa inasema inastahimili maji kwa dakika 40 au 80. Kama haisemi, haijatengenezwa kwa kuogelea. Kama inasema na bado inatoka, huenda ilipakwa juu ya mafuta ya nazi au mgando. Ngozi iwe safi na kavu kwanza.

Chupa haina orodha ya viambato, au imefutika. Usiipeleke baharini.

Mzazi amekataa mtoto asipakwe kitu. Mheshimu. Mtoto avae mikono mirefu na akae na kikundi cha kivulini. Watoto wachanga chini ya miezi sita hawapakwi losheni kabisa, ni kivuli na nguo.

Muuza duka anasema losheni ya madini haiuziki. Mpelekee oda ya kikundi kizima, ikiwezekana na hela taslimu. Vikundi viwili au vitatu vya shule na kanisa vikiungana, oda inakuwa ya maana na bei mtaongea.

Mtu wa pwani amekuuliza, ninyi wagogo bahari inawahusu nini? Mjibu kwa mto. Maji ya mvua ya Dodoma yanaingia Kinyasungwe, Kinyasungwe unaungana na Mkondoa, Mkondoa unaingia Wami, na Wami unamwaga baharini karibu na Saadani. Udongo wa mashamba yetu unakwenda nao, na tope likizidi linayafunika matumbawe yakakosa mwanga. Kisha mwulize yeye mwamba wa kwao ukoje sasa na ulikuwaje alipokuwa mdogo, na umwache aongee. Wanafunzi waandike anachosema.